Swali Ambalo Si Lazima Kulijibu

Keza mama yangu,

Ni saa kumi jioni. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, na begi lako kubwa liko mlangoni, limefungwa kamba nyekundu ili ulitambue kwenye uwanja wa ndege. Umekwenda Lidcombe kuagana na wenzako, umesema utarudi na chakula. Nyumba imenyamaza. Nasikia friji inavyounguruma, na treni ikipita hapa Guildford naisikiliza mpaka inapopotelea mbali. Najizoeza.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu haikijui Kiswahili, kila neno inaligeuza. Ukikwama mahali, soma kwa sauti. Masikio yako yanaijua lugha hii kuliko macho yako.

Kuhusu koti la baridi na karatasi za viza sina la kusema. Tangu una miaka kumi na mbili wewe ndiye unayenisomea barua za serikali, leo nikufundishe nini? Ninalo jambo moja tu, na nimelikwepa miaka minne. Nilikukosea siku ile kanisani. Nilikukosea vibaya, na sitaki upande ndege kesho hujalisikia kutoka kwangu.

Unakwenda Ankara kusoma jinsi dini na serikali zilivyoishi pamoja katika nchi ile, na nani aliyeumia zilipogombana. Nilipokuuliza kwa nini umechagua Uturuki ya watu, ulinijibu, "It's politics, Dad." Mimi si mjinga kiasi hicho. Najua somo lako lilianzia wapi. Lilianzia kwenye meza hii, siku ya sensa.

Unaikumbuka siku ile. Ilikuwa wakati wa korona, wametufungia upande wetu huu wa Sydney, helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa. Mama yako alikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu tumzike. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulifungua kompyuta, ukawa unaniuliza maswali na kunijazia. Wangapi wanalala nyumba hii leo? Wawili. Baba amezaliwa wapi? Burundi. Wewe je? Tanzania, kambini. Mnaongea lugha gani nyumbani? Hapo tulicheka, tukabishana tuandike ipi. Ikaja dini. Mimi ukanijazia kama ninavyojulikana. Kwako ukabonyeza kisanduku cha kwanza kabisa, kile cha wasio na dini.

Nikakuambia, "Keza, umekosea hapo."

"Sijakosea, Dad."

"Rudi nyuma, mama. Rekebisha."

"Hili swali ni optional, Baba. Ningeweza kuliacha. Lakini wameniuliza, so nimewaambia ukweli."

Ulisema kwa upole, ukitafuna karoti. Hukugomba wala hukuinua sauti. Ukaendelea na swali la kazi, ukaniuliza nafanya saa ngapi kwa wiki.

Leo ninapokumbuka naona jambo ambalo sikuliona siku ile. Hukuniambia mimi. Uliiambia serikali, na serikali iliahidi kwamba haitamwambia mtu. Mimi nilikuwa tu nimekaa karibu.

Kanisa lilikuwa limefungwa, tulikuwa tunasali kwa simu. Kwa hiyo nilikaa na jambo lile miezi mitatu. Mtu aliyekasirika akisema neno baya papo hapo, tunaweza kusema hasira ilimzidi. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya kufikiri, tena nikiwa kwenye sofa. Kanisa lilipofunguliwa, tulikaa kikao cha wazee, na mimi ndiye katibu. Mchungaji akauliza kama kuna jambo la nidhamu. Nikalitoa. Walishtuka. Mzee mmoja akaniambia, "Katibu, huyo ni mtoto, mwache, atakua." Kumbe nilikuwa na mlango wa kutokea, na nikaufunga mwenyewe. Nikasema sheria haibagui mtoto wa katibu. Nilijiona mwanaume wa haki sana.

Utaratibu wetu unaujua. Orodha ya waliotengwa inasomwa katikati ya matangazo, kabla ya Meza ya Bwana, na anayesoma ni katibu. Jumapili ile kule St Marys, katika ukumbi ule wa kukodi, majina yalikuwa matatu. La kwanza mlevi, la pili mwanaume aliyechukua mke mwingine, la tatu la kwako. Karatasi inataka lisomwe na jina la baba, basi nikasoma na la kwangu. "Kwa kuikana imani." Wewe ulikuwa safu ya tatu, karibu na kiti ambacho mama yako alizoea kukikalia.

Ulisimama. Ukakunja kiti chako cha plastiki, ukakipeleka ukutani, ukakiweka juu ya vingine kama tunavyofanya ibada ikiisha, ukatoka. Na mimi niliendelea kusoma. Niliwatangazia watu kwamba baada ya ibada kutakuwa na chai.

Ulinirudisha nyumbani kwa gari, na ile P nyekundu yako ya dereva mpya kwenye kioo. Tangu siku ile Kiswahili chako kiliisha. "Yes, Dad. All good, Dad. No worries, Dad." Ukapika, ukafua, ukafaulu mitihani. Kila Jumapili ukaendelea kunipeleka, kwa sababu nikitoka zamu ya usiku sioni barabara vizuri, ukawa unabaki ndani ya gari kwenye maegesho na vitabu vyako. Watu waliniambia nina mtoto mtulivu. Nikaitikia amina. Nilidhani umenyooka.

Sasa nikusimulie mtu ambaye sijawahi kumtaja hapa nyumbani. Pale ninapolelea wazee alikuwapo bibi mmoja wa Kituruki. Nitamwita Nermin, ingawa silo jina lake. Nilimwogesha na kumlisha karibu miaka mitatu. Alikuwa mwalimu wa kemia chuo kikuu huko kwao, na alitaka tumwite Hocam, yaani mwalimu wangu. Siku ya kwanza alinifanya nikunje shuka mara tatu mpaka pembe zilingane. Nikamchukia kwa wiki moja hivi, kisha nikampenda. Tuliongea Kiingereza, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, tukakutana katikati.

Siku moja nilimuuliza kama nchi yao ni ya dini. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Serikali yetu haina dini," akasema, "lakini ina maimamu."

Akanieleza. Jamhuri ilipoanza walifuta ukhalifa, wakafunga mahakama za dini, wakabadili herufi za kuandikia, wakawavua wanaume kofia zao. Hata adhana, kwa miaka fulani, waliamuru iitwe kwa Kituruki. Mama yake Nermin alikuwa mwalimu kijana wakati huo, alizunguka vijijini kuwafundisha wanawake herufi mpya, na aliipenda jamhuri ile kwa moyo wote kwa sababu ndiyo iliyompa kalamu. Bibi yake alikuwa mtu wa sala. Siku adhana iliporudishwa kwa Kiarabu, bibi alikaa dirishani akalia kwa furaha, na mama akaja akafunga dirisha. Nermin alikuwa mtoto mdogo, amesimama katikati ya chumba. Aliniambia hakujua amwendee nani.

"Kwa hiyo waliitoa dini serikalini?" nikauliza.

"Hapana. Waliiogopa, wakaiweka karibu ili waione. Imamu analipwa na serikali. Hotuba ya Ijumaa inaandikwa ofisini."

Nikamwambia, "Hocam, basi mimi nimeishi huko." Nikamsimulia kambi. Wewe ulitoka ukiwa mdogo, hukumbuki. Kwetu mwenyekiti wa bloku ndiye alikuwa mzee wa kanisa. Ukitaka kibali cha kutoka, ukitaka mtu wa kusema kwamba huyu ni mume wa huyu, ulikwenda kanisani uandikiwe barua. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali, lakini wote tuliijua. Asiye na kanisa hakuwa na mtu wa kumsemea. Nilimwona kijana mmoja akizunguka na karatasi yake kutoka meza hadi meza siku nzima, hakuna aliyemjua, kwa sababu alikuwa amegombana na wazee. Na mama yako alipofariki hapa Sydney, ni nani waliojaa katika jiko hili? Kina mama wa kanisa. Walipika, wakaosha vyombo, wakalala sakafuni na wewe.

Kwa hiyo ulipobonyeza kile kisanduku, Keza, mimi sikusoma kwamba huna dini. Nilisoma kwamba huna mtu. Niliogopa. Sisemi haya ili kujitetea. Nasema kwa sababu kwa miaka minne umeona ukali wangu tu, na chini yake kulikuwa na mwanaume mwenye hofu.

Nermin alikuwa na kopo la biskuti kwenye kabati, na hakutaka mtu aliguse. Nilidhani ni vito vyake. Mchana mmoja aliniomba nilishushe. Lilikuwa limejaa pini, zile ndogo za kubania mtandio kichwani, nyingi zimeanza kupata kutu.

Ndipo akaniambia. Zamani kidogo, kabla sheria haijabadilika, wasichana waliofunika nywele hawakuruhusiwa kuingia chuoni. Serikali iliona mtandio ule ni bendera ya watu wanaotaka kuirudisha nchi nyuma. Chuo chake kikatenga chumba karibu na lango, na yeye akapewa kazi ya kukaa humo na kuwabembeleza wasichana wavue. Aliikubali kwa hiari. Aliona anawaokoa, kama mama yake alivyowaokoa wengine kwa herufi. Alikuwa na chai na maneno matamu. Wengine waliondoka. Wengine walirudi wamevaa nywele za bandia juu ya mtandio. Wengine walivua hapo hapo, wakaacha pini juu ya meza.

Siku ya mtihani akaingia binti yake mwenyewe. Alikuwa ameanza kujifunika mwaka ule, na nyumbani walikuwa hawaelewani. Nermin angeweza kutoka nje, akamwachia mwenzake. Hakutoka. Akamhudumia kama wengine, akamwambia sheria haibagui mtoto wa mwalimu.

Aliposema hivyo nilikuwa nimeshika kijiko cha uji. Nilikirudisha bakulini.

"Akagoma?" nikauliza.

"Alitii," akasema. "Akavua, akaweka pini mezani, akaingia kwenye mtihani. Nikadhani nimeshinda."

Binti alimaliza mwaka huo, akaenda kusoma nchi nyingine, akawa anatuma kadi za salamu zenye mistari miwili. Baadaye upepo ukageuka kule kwao. Waliofunika wakaingia vyuoni, wakaingia bungeni, na wengine sasa ndio wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Nilimuuliza ni nani basi aliyekosea, serikali ya kwanza au ya pili. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya shuka.

"Serikali ikikosea inatia sahihi nyingine, mambo yanabadilika," akasema. "Mimi nani atanitilia sahihi? Katika hizi pini moja ni ya mtoto wangu, na sijui ni ipi."

Mwanangu, nilitoka chumbani kwenda kukunja mataulo ambayo yalikuwa yamekunjwa tayari.

Wiki zake za mwisho aliacha kuongea. Mwanawe wa kiume wa hapa Sydney alipiga simu ng'ambo, na asubuhi moja binti akapiga. Mwana alikuwa njiani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika simu kwenye sikio la bibi. Yule dada aliongea muda mrefu sana, kwa Kituruki, sikuelewa hata neno moja isipokuwa anne, ambalo ni mama. Alilirudia na kulirudia. Mkono uliniuma, sikuubadilisha. Bibi alikuwa anapumua tu. Sijui kama alisikia. Kila nikikumbuka najiambia alisikia, halafu najiambia sijui.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimekata shauri kuongea na wewe. Ulikuwa chumbani kwako, mlango umeegeshwa, nasikia unachapa kwenye kompyuta. Nilisimama kwenye korido na viatu mkononi. Nikasema moyoni, asije akakatishwa masomo. Nikaenda kulala. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Sasa unajua baba yako ni mwoga wa namna gani.

Sina mengi ya kukushauri kuhusu huko uendako, umesoma kuliko mimi. Nakuomba tu hivi. Ukikaa na mwanamke wa kule aliyenyimwa lango kwa sababu ya mtandio, msikilize mpaka mwisho. Ukikaa na mwingine anayeogopa kwamba kesho watamlazimisha kujifunika, na huyo msikilize mpaka mwisho, usimkatize na habari za yule wa kwanza. Na mtu akikuambia anachoamini au asichoamini, kiache hapo alipokuambia. Usikibebe kwenda nacho kikaoni, hata kama kikao chenyewe ni cha watu wema. Mimi niliwapelekea watu wema.

Kuhusu imani yako siulizi. Mimi bado naomba, na jina lako bado liko ndani ya maombi yangu, hilo siwezi kulizuia. Lakini sitakuuliza kama umerudi. Ukirudi, utakuwa umerudi mwenyewe. Usiporudi, bado utanikuta mlangoni nimevaa yale malapa yangu unayoyaonea aibu.

Nina jambo la mwisho, la Jumapili iliyopita. Unajua desturi yetu, kijana akisafiri kwenda masomoni anaitwa mbele, wazee wanamwekea mikono. Niliwaomba wazee wakuite. Mchungaji akanijibu kwa upole, "Katibu, bado ametengwa. Aje mwenyewe atubu, tutamwombea kwa furaha." Nikamwambia hana la kutubu, alijibu swali la serikali kwa ukweli, aliyekosa ni mimi niliyeyachukua maneno ya mtoto wangu nikayaleta hapa bila ruhusa yake. Wakaniambia tuliache hilo, tusivuruge ibada. Sikuwalaumu. Ni maneno ambayo mimi mwenyewe ningeyasema.

Basi nikasimama kusoma orodha. Nikasoma majina yaliyokuwapo, likabaki lako, nikalikata kwa kalamu mbele yao. Halafu nikasoma jina langu. Nikasema ametengwa, kwa kumwaibisha mtoto wake mbele ya watu. Nikakunja karatasi, nikampa mchungaji pamoja na muhuri wa ukatibu. Nikachukua kiti changu, nikakikunja, nikakiweka ukutani juu ya vingine. Kiti kile ni kizito kuliko kinavyoonekana, Keza. Sikujua. Wewe ulikibeba peke yako ukiwa na miaka kumi na saba.

Ndiyo maana uliniona natoka mapema. Ulishusha kioo ukashangaa. "Dad, you okay?" Nikasema niko sawa. Nikapanda, nikafunga mkanda, nikawa naangalia mbele tu. Tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa, ukaniuliza, "Baba, umekula?"

Kwa Kiswahili. Sijui kama ulijisikia ulipokuwa unasema. Nikakujibu sijala, ingawa nilikuwa nimekula, kwa sababu nilitaka uendelee kuuliza.

Wenzangu hawajanipigia simu wiki nzima. Ni haki yao, wanatafakari. Kuanzia kesho kutakuwa na mimi na friji na treni za Guildford. Sitakudanganya kwamba nitakuwa sawa. Nitakuwa mpweke sana, lakini upweke huu naujua ulikotoka, na haukutoka kwako. Usiache safari kwa ajili yake.

Mwakani watahesabu watu tena. Safari hii nitajaza mwenyewe, kwa kidole kimoja, hata kama itanichukua siku mbili. Wangapi wanalala nyumba hii leo? Mmoja. Dini yako? Nitajibu ya kwangu. Lakini nimekumbuka kwamba mwishoni mwa fomu ile kuna sehemu ya watu wa nyumba hii ambao leo hawapo. Ulinisomea, tukairuka kwa sababu sote tulikuwapo. Nitakuandika hapo. Labda aliye mbali kiasi hicho haruhusiwi kuandikwa. Basi waje hapa waniambie.

Kwa ninavyokumbuka, sehemu ile haiulizi unaamini nini. Inauliza jina lako, umri wako, na wewe ni nani kwangu.

Hayo yote nayajua bila kusaidiwa.

Ni mimi, baba yako, jikoni. Nasikia gari lako linaingia. Sijala.